Kabla ya Sabasaba: Mazungumzo Kuhusu Karatasi Utakazogawa

Leo tuzungumze kuhusu kazi ambayo wafanyabiashara wengi huiacha hadi wiki ya mwisho: kuandaa vipeperushi, kadi, orodha za bei, mabango na kila kitu kinachopita kwa mchapaji kabla ya kufika bandani. Nitatumia kama mfano Maonesho ya Kimataifa ya Biashara ya Dar es Salaam, yale ambayo sote tunayaita Sabasaba, kwa kuwa pale ndipo inapoonekana wazi nani alijiandaa na nani alikurupuka.

Kwa miaka ya karibuni maonesho hayo yamekuwa yakianza Juni 28 na kumalizika Julai 13, katika Viwanja vya Mwalimu J.K. Nyerere, Barabara ya Kilwa, chini ya usimamizi wa mamlaka ya biashara, TanTrade. Ni siku 16. Simama jioni karibu na geti la kutokea utazame. Watu wanatoka wamechoka, watoto mgongoni, mikononi mifuko imejaa karatasi walizopewa huku na huko. Tazama na chini: karatasi nyingine zimekwisha kanyagwa. Kila moja kati ya hizo ililipiwa. Kuna mtu alitoa fedha ya mtaji wake, pengine alikopa kwenye kikundi, akalipia wino na karatasi, na kazi yote ikaishia vumbini. Hilo linaniuma, maana mjasiriamali mdogo hana mfuko wa ziada wa kuchezea.

Ninachoamini ni hiki. Bandani wewe mwenyewe upo, bidhaa ipo, mteja anaonja, anauliza, anajibiwa. Pale karatasi haina kazi kubwa. Kazi yake inaanza kesho yake, mteja akiwa nyumbani Mbagala, au dukani kwake Kigoma, au amesharudi Lubumbashi, anapotaka kukumbuka ile asali nzuri aliionja kwa nani. Kwa hiyo anayepanga karatasi za maonesho amfikirie kwanza mtu wa kesho yake. Nani ataishika hii karatasi? Ataishikia wapi? Nataka afanye nini? Ukishindwa kujibu hayo matatu, usiende kwa mchapaji bado.

Tuseme kuna mama anasindika asali Sikonge, mkoani Tabora. Amepata meza Sabasaba. Watakaofika mezani kwake si watu wa aina moja. Yupo mama wa nyumbani atakayenunua chupa moja na kuondoka. Huyo anahitaji kikaratasi kidogo tu: jina la asali, namba ya simu, na mahali Dar es Salaam anapoweza kuipata chupa ya pili. Yupo mwenye duka la vyakula ambaye hajali sana historia ya nyuki. Anataka kujua katoni ina chupa ngapi, bei ya jumla ni ipi, mzigo unafika baada ya siku ngapi. Huyo apewe orodha ya bei, na apewe yeye, isirushwe kwa kila mpita njia. Halafu yupo mnunuzi mkubwa, labda wa hoteli, labda kutoka nje ya nchi, anayetaka kuona picha za mahali asali inaposindikwa, uwezo wa uzalishaji kwa mwaka, vyeti ulivyonavyo, aina za vifungashio. Huyo anastahili kijitabu cha kurasa nane kilichoandikwa vizuri. Karatasi moja ikilazimishwa kuwahudumia wote watatu inajaa maneno hadi pembeni, na hakuna hata mmoja wao atakayeisoma.

Sasa idadi. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Mtu husikia kwamba Sabasaba inaingiza umati, anaagiza vipeperushi 10,000. Mimi nashauri uhesabu midomo yako, usihesabu umati. Mhudumu mmoja akizungumza na watu 40 kwa siku, mazungumzo ya kweli ya kusikilizana, amefanya kazi. Mkiwa wawili ni watu 80. Kwa siku 16 ni watu 1,280. Chapisha vipeperushi 1,500 na vitakutosha. Kijitabu cha wanunuzi wakubwa, nakala 150 ni nyingi. Hesabu hii ni ya mfano wetu. Wewe weka watu wako na siku zako.

Na uzito nao uhesabu, hasa kama unachapisha mkoani na kusafirisha kwa basi. Ni rahisi. Karatasi ya ukubwa wa A4 ni sehemu moja ya kumi na sita ya mita ya mraba. Kwa hiyo ile ya kawaida ya ofisini, ya gramu 80, ina uzito wa gramu 5 kwa karatasi moja. Kipeperushi cha nusu yake, A5, kwenye karatasi nzito kidogo ya gramu 130, ni kama gramu 4. Vipeperushi 1,500 ni kilo 6, begi la mkononi linatosha. Vile 10,000 ni kilo 40, na Julai 13 utarudi na kilo nyingi kati ya hizo.

Wapo watakaosema: lakini ukichapisha nyingi bei inashuka. Ni kweli, na ni vizuri kuelewa kwa nini. Mashine ya ofseti hutengenezewa pleti kabla ya karatasi ya kwanza kupita, pleti nne kwa kazi ya rangi kamili, moja kwa kila wino. Gharama ya pleti na ya kuandaa mashine ni ileile, uchapishe 300 au 3,000. Ndiyo maana kila nakala inayoongezeka inapunguza bei ya kila moja. Mashine ya dijitali haina pleti, kwa hiyo nakala ya kwanza na ya mia tano bei zake zinakaribiana. Kijitabu cha nakala 150 kipeleke dijitali. Kipeperushi cha 1,500 omba bei za aina zote mbili, uziandike, ulinganishe. Uliza pia kama bei uliyopewa ina VAT au haina, na kama kukunja na kukata vimo humo. Ukilipa, dai risiti ya EFD. Ila bei ya chini kwa nakala usiihesabu kuwa faida kama nakala zenyewe zitabaki stoo.

Ipo karatasi inayooza na karatasi inayodumu. Bei hubadilika, tarehe hupita, namba ya banda ni ya mwaka huo tu. Jina lako, bidhaa yako, simu yako, hivyo hukaa. Usivichanganye. Bango la kusimama, lile la kukunjua kutoka kwenye kasha lake, ambalo kwa kawaida lina upana wa sentimita 85 na urefu wa mita 2, usiliandike mwaka wala jina la maonesho. Ukiacha hivyo, Agosti litakwenda kwenye maonesho ya Nanenane, na mwakani litarudi tena Barabara ya Kilwa. Bei ziweke kwenye karatasi moja ya kawaida ambayo unaweza kuichapa upya hata katikati ya maonesho, kwenye stesheneri ya jirani. Katika hili kanga zilitutangulia. Kule Mombasa, biashara ya Kaderdina Hajee Essak iliyoanza mwaka 1887 huchapa kwenye kanga zake Mali ya Abdulla, na kanga hiyo ikivaliwa miaka mingi bado inamwambia mtu ilikotoka. Jina likae kila mahali, tarehe ikae pale tu inapohitajika.

Kuhusu mabango nina neno moja la kusisitiza. Meza inaficha nusu ya chini ya bango, na wateja wakisimama mbele yake wanaficha sehemu nyingine. Kwa hiyo jina na kitu unachouza vikae juu, usawa wa macho na zaidi, kwa herufi ambazo mtu aliye upande wa pili wa njia anazisoma bila kukunja uso. Namba ya simu ukiiandika chini kabisa, karibu na miguu, umeizika. Na kama bango litakaa nje, kumbuka kwamba huo ni msimu wa kusi. Upepo unavuma. Bango la turubai liwe na matundu yenye pete za chuma kwenye kingo ili lifungwe kwa kamba, na vipeperushi vya mezani viwe na kitu cha kuvikandamiza.

Turudi kwenye kalenda, kwa sababu mpango wote unasimama au kuanguka hapo. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya ufunguzi. Juni 28 banda linafunguliwa, kwa hiyo Juni 25 kila kitu kiwe kimeshafika Dar es Salaam. Ili hilo liwezekane, mzigo utoke kiwandani kabla ya Juni 18, upate siku za kuukagua na, ikiwa kuna kasoro, kurudishiwa. Wino wa ofseti nao unahitaji muda wa kukauka kabla karatasi haijakunjwa na kukatwa. Anayelazimisha leo kwa leo hupokea kurasa zilizochafuana. Kwa hiyo kazi iingie mashineni mwanzoni mwa Juni. Maana yake nakala ya majaribio uisaini mwishoni mwa Mei, mbunifu aanze kupanga kurasa mwishoni mwa Aprili, na maneno na picha ziwe mezani kwake kabla ya hapo. Kwa hiyo uamuzi wa nini kichapwe unafanyika Machi. Najua Machi inasikika mbali. Lakini Juni 30 ndiyo mwisho wa mwaka wa fedha wa serikali, na taasisi nyingi hupeleka kazi kwa wachapaji wiki hizohizo kabla bajeti haijafungwa. Ukifika kwa wachapaji wa Kariakoo Juni 20 na kazi ya nakala 1,500, utawekwa nyuma ya aliyeagiza maelfu, au utapewa bei ya haraka, au vyote viwili.

Sasa tuingie ndani ya karatasi yenyewe. Makosa yanayoumiza zaidi si ya rangi, ni ya namba na majina. Tarakimu moja ya simu ikikosewa, vipeperushi 1,500 vinampigia mtu mwingine. Njia ya kujikinga haina gharama: ukipewa nakala ya majaribio, chukua simu, upige namba kutoka kwenye karatasi hiyohiyo, tarakimu kwa tarakimu, usipige iliyo kichwani mwako. Anayeikagua awe mtu ambaye hakuiandika, kwa kuwa aliyeiandika husoma alichokusudia. Andika namba kwa kuanzia na +255, bila ile sifuri ya mwanzo, maana Sabasaba wanafika wageni kutoka nchi nyingi na wewe unataka wakupigie wakiwa kwao. Lipa Namba ikiandikwa, iandikwe pamoja na jina linalotokea kwenye simu ya mteja anapolipa, ili asiogope kutuma.

Kama unachapa kadi za kuwaalika wanunuzi kwenye hafla ndogo ya kibiashara, angalia saa. Kadi ya Kiswahili inasema saa 3:00 asubuhi. Upande wa Kiingereza saa hiyohiyo huandikwa 9:00. Mbunifu akinakili tarakimu za upande mmoja kwenda mwingine bila kufikiri, nusu ya wageni watakosa hafla. Lugha nazo, kama unahitaji mbili, zipe kila moja upande wake wa karatasi. Mstari wa Kiswahili na chini yake mstari wa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho, humchosha msomaji wa lugha zote mbili.

Alama ya ubora ya shirika la viwango, TBS, ni ya aliyepewa leseni ya kuitumia kwa bidhaa hiyo. Usiiweke kwenye kipeperushi kwa matumaini kwamba leseni iko njiani. Anayeijua kazi hii atakuuliza, na utakosa jibu mbele ya watu. Jina la biashara nalo liandikwe kama lilivyosajiliwa kwa wasajili wa biashara, BRELA, lisitofautiane kati ya kadi, chupa na akaunti ya benki.

Siku hizi karibu kila karatasi ina msimbo wa QR, ule mraba wenye vidoti uliobuniwa Japani na kampuni ya Denso Wave mwaka 1994. Ni kitu chenye faida, kwa sababu kinampeleka mteja moja kwa moja kwenye WhatsApp yako au orodha yako ya bidhaa. Lakini msimbo huo una masharti. Usiwe chini ya sentimita 2 kwa upande. Uachiwe nafasi nyeupe pande zote. Uwe wa rangi nyeusi au ya giza juu ya nyeupe, usilazwe juu ya picha. Na ujaribiwe kutoka kwenye nakala iliyochapwa, kwa simu ya bei ndogo yenye kamera ya kawaida, katika mwanga hafifu kama wa ndani ya banda. Angalia pia ulikoutengeneza: baadhi ya tovuti hukupa msimbo wa majaribio ya bure, na muda wa majaribio ukiisha msimbo haufunguki tena, karatasi zikiwa tayari mikononi mwa watu.

Picha nazo zinahitaji adabu. Nimeshika vijitabu vingi vyenye bidhaa nzuri sana na picha zenye ukungu, na mara nyingi chanzo ni kimoja: picha zilitumwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida. Ikitumwa hivyo hubanwa na kupunguzwa. Kwenye simu inapendeza, kwenye karatasi inavunjika. Itume kama dokumenti, au kwa barua pepe, au peleka flashi mkononi. Mchapaji anataka picha yenye nukta 300 kwa inchi katika ukubwa uleule itakaochapwa nao. Nembo yako idai kutoka kwa aliyeichora ikiwa katika faili lake la asili, ambalo linaweza kukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kuharibika, na ulihifadhi wewe mwenyewe. Rangi ya kioo cha simu ni mwanga, ya kwenye karatasi ni wino. Hazitalingana kabisa, na dhahabu ya asali ndiyo hugeuka haraka kuwa kahawia. Ndiyo sababu nasisitiza nakala ya majaribio iwe ya karatasi, usikubali kusaini kwa kutazama skrini.

Mengine ya kiwandani nitayapita haraka. Kama rangi ya ukurasa inafika ukingoni, ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, na maneno yakae angalau milimita 5 ndani yake, kwa sababu gilotini haikati kila rundo mahali palepale. Kijitabu cha kushonwa pini mgongoni kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne, yaani 8, 12 au 16. Kumi haziwezekani bila kuacha kurasa tupu. Karatasi nzito, kuanzia kama gramu 170, ipigwe mstari wa mkunjo kwanza, la sivyo rangi hupasuka pale inapokunjwa. Orodha ya bei isiwekewe mng'aro, maana mwenye duka atataka kuandika juu yake kwa kalamu. Na mifuko ya kuwagawia wateja iwe ya karatasi au kitambaa. Ile ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019.

Kuna karatasi moja ambayo wengi huisahau kabisa, nayo kwangu mimi inashinda vipeperushi vyote: fomu au daftari la kuandika wanunuzi. Kipeperushi kinamtegemea mteja akukumbuke. Fomu inakuwezesha wewe umkumbuke yeye. Iwe na nafasi ya jina, mji, simu, anachotaka, kiasi gani na lini, na mstari mmoja unaosema wazi kwamba namba yake itatumika kumpigia kuhusu bidhaa hii, naye akubali kwa kusaini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuwe makini na taarifa za watu, na hata kama isingekuwepo, daftari lenye simu za wateja halipaswi kuachwa wazi mezani likisomwa na kila anayepita. Tumia fomu moja kwa mtu mmoja, ikijazwa iingie kwenye bahasha.

Na kipeperushi kisitangulie mazungumzo. Kijana wa kusimama njiani akirusha karatasi kwa kila mtu ndiye chanzo cha zile unazoziona zimekanyagwa getini. Zungumza kwanza, sikiliza mtu anataka nini, halafu mpe karatasi inayomfaa, na kabla hujampa andika kwa kalamu kitu kimoja juu yake: bei mliyokubaliana, au siku utakayompigia. Karatasi yenye mwandiko wa mtu haitupwi kirahisi.

Basi ndugu yangu unayejiandaa kwa Sabasaba, Nanenane au maonesho ya mkoani kwako, usingoje barua ya kuthibitishiwa banda. Wiki hii kaa na wenzako, taja wateja wa aina tatu unaowataka, amueni kila mmoja apewe nini na ngapi, kisha yaandike hayo kwenye karatasi pamoja na tarehe zake, kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya ufunguzi. Mpelekee mchapaji karatasi hiyo kabla ya kumwomba bei, naye mwambie siku unayohitaji mzigo, si siku ya maonesho.